Kudumu na Jambo kwa Kalenda ya Bamvua

Mkulima wa mahindi akiamka na uvivu anaweza kuahirisha palizi hadi kesho, na hasara yake isionekane. Mkulima wa mwani wa Mlingotini, kusini kidogo ya mji wa Bagamoyo, hana nafasi hiyo. Shamba lake liko baharini, na bahari humwachia saa chache tu za kulifikia kwa miguu. Siku kadhaa zikipita, hata hizo saa chache hazipati tena mpaka mwezi ubadilike.

Hali hiyo inagusa swali linalowasumbua wengi. Kwa nini watu wawili wenye nia ileile huanza jambo pamoja, mmoja akafika nalo mwisho na mwingine akaliacha wiki ya tatu? Tumezoea kujibu kwamba mmoja ana moyo mgumu na mwenzake hana. Wanasayansi wa tabia wana jibu jingine: kazi iliyofungwa kwenye kitu kinachokuja chenyewe hufanyika mara nyingi zaidi kuliko kazi inayosubiri mwenyewe ajisikie.

Mwezi ndio msimamizi

Kwenye pwani hii bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa takriban dakika 50. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta maji kwenye mstari mmoja. Hapo tofauti kati ya maji kujaa na kupwa inaweza kuzidi mita 3, na hayo ndiyo maji ya bamvua. Mwezi ukiwa nusu, jua na mwezi huvuta kila kimoja upande wake, tofauti ikapungua sana. Hayo ni maji mafu. Kutoka bamvua hadi bamvua ni karibu siku 15.

Kazi ya mwani hufanyika wakati wa bamvua. Maji hupwa sana kati ya saa nne asubuhi na saa sita mchana, na wanawake, ambao ndio wengi katika kilimo hiki, huingia shambani. Vigingi viwili vimekitwa mchangani, kamba imevutwa katikati, na juu ya kamba hiyo vimepangwa vikamba vyembamba kwa nafasi ya shibiri moja hivi. Kila kikamba hufungiwa kipande cha mwani chenye uzito wa takriban gramu 100. Fundo likikazwa mno, shina hukatika. Likilegea, wimbi huondoka na mbegu. Baada ya hapo ni kuondoa majani yaliyonasa, kuvuta kamba zilizolala na kurudishia vipande vilivyopotea, mpaka maji yaanze kupanda magotini.

Baada ya wiki 6 hivi, yaani bamvua tatu, mwani huvunwa na kuanikwa. Wanunuzi huusafirisha ng'ambo, ambako hutolewa karajinani, ute unaotumika kuzitia uzito dawa za meno na aiskrimu.

Katika ratiba hiyo mkulima haamui upya kila mara kama leo ni siku ya kazi. Mwezi umeshaamua. Akili inabaki na kazi moja, ya kutekeleza.

Siku 21 zilitoka wapi?

Wengi tumesikia kwamba ukifanya jambo siku 21 mfululizo, linakuwa tabia. Chanzo chake ni Maxwell Maltz, daktari Mmarekani wa upasuaji wa kurekebisha maumbile. Katika kitabu chake cha mwaka 1960 aliandika kwamba wagonjwa wake walichukua angalau siku 21 kuzoea sura zao mpya. Neno "angalau" likapotea njiani, na uchunguzi wa daktari juu ya wagonjwa wake ukageuzwa kanuni ya watu wote.

Kipimo cha maana zaidi kilikuja baadaye. Phillippa Lally na wenzake wa University College London walifuatilia watu 96 kwa wiki 12, na matokeo yakatoka mwaka 2009. Kila mshiriki alichagua jambo moja dogo, mfano kunywa maji au kula tunda, akalifunga kwenye tukio la kila siku kama kifungua kinywa. Kila siku alieleza kama amelifanya, na kama lilijifanya lenyewe bila kufikiriwa sana. Kwa wale ambao mwenendo wao ulionekana wazi, mtu wa katikati alihitaji siku 66 jambo lifike kilele cha mazoea. Lakini makadirio yalianzia siku 18 na kufika 254. Kunywa glasi ya maji kuliwahi. Mazoezi ya viungo yalichelewa.

Utafiti huo ulitoa pia habari njema kwa wanaokata tamaa upesi: kukosa siku moja hakukuharibu ujenzi wa tabia kwa kiasi cha kuonekana.

Gharama huja mapema, faida huchelewa

Tuseme kipande cha mwani cha gramu 100 kinakua kwa asilimia 4 kwa siku. Baada ya siku 21 kitakuwa na gramu 228 hivi. Baada ya siku 42 kitafika karibu gramu 519. Wiki tatu za kwanza zimeongeza gramu 128, za mwisho zimeongeza 291. Bahari ni ileile na kazi ni ileile, lakini nusu ya pili inazaa zaidi ya mara mbili ya nusu ya kwanza, kwa sababu kinachokua ni kikubwa zaidi.

Mazoea hufuata njia ya kinyume. Katika utafiti wa Lally, marudio ya mwanzo ndiyo yaliyoongeza wepesi kwa kasi. Baadaye kila rudio liliongeza kidogo, mpaka hali ikatulia. Uzito wa kuanza hupungua mapema, ilhali matunda ya malengo mengi hukawia. Si malengo yote yanayokua kama mwani, lakini akiba inayozalisha, lugha ambayo kila neno jipya hurahisisha linalofuata, na biashara inayojengwa na wateja wanaorudi, hukaribia mwendo huo.

Hapo ndipo wiki ya tatu inapowaangusha watu. Anayeacha wakati huo ameshalipa sehemu kubwa ya gharama, na sehemu kubwa ya mavuno anaiachia baharini. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo. Hawakusema kwamba vibanzi vya kwanza havionekani kabisa.

Kila bamvua ni mwanzo

Kuna jambo jingine ambalo kalenda ya pwani hutoa bure. Mwaka 2014 Hengchen Dai, Katherine Milkman na Jason Riis walichapisha utafiti juu ya siku ambazo watu huanza kushughulikia malengo yao. Walipitia takwimu za watu wanaotafuta habari za kupunguza uzito kwenye Google, na za wanafunzi wanaokwenda kwenye jumba la mazoezi. Juhudi zilipanda mwanzo wa wiki, wa mwezi na wa mwaka. Tarehe inayofungua kipindi kipya humfanya mtu aone kushindwa kwake kumebaki nyuma.

Ubaya wake ni kwamba wengi wetu husubiri Januari. Aliyeteleza mwezi wa pili ana miezi kumi ya kujilaumu. Mkulima wa mwani aliyekosa bamvua kwa homa au msiba hurudi baada ya siku 15, akarudishia vipande vilivyopotea. Kudumu kwake hakumaanishi kutokosa kamwe. Kunamaanisha kwamba kukosa kuna tarehe ya mwisho.

Asiyelima baharini anaweza kujifunga kwenye kitu kingine. Peter Gollwitzer na Paschal Sheeran walipokusanya majaribio 94 mwaka 2006, waligundua kwamba watu wanaopanga kwa sentensi ya "jambo fulani likitokea, nitafanya hivi" hutimiza malengo zaidi ya wanaobaki na nia tupu. Kwa anayeishi Bunju, Dar es Salaam, tukio hilo laweza kuwa adhana ya alfajiri, kukaa kitini kwenye daladala, au kikao cha kikoba cha kila wiki, ambako wenzake pia wanasubiri hisa zake.

Kudumu si kung'ang'ania

Pwani hii inafundisha pia mahali ambapo kudumu kunageuka hasara. Mwani aina ya kotonii una bei nzuri kuliko aina nyingine, spinosamu, lakini hauvumilii joto. Maji ya kina kifupi yanapopata joto, matawi yake hupauka na kukatika. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakulima wa Zanzibar na wa bara waliona kotonii ikifa kwenye vigingi vilevile vilivyowahi kuwalipa. Kuhudhuria kila bamvua hakukusaidia.

Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, iliyoko Zanzibar chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alishirikiana na wenzake kujaribu kamba zinazoelea kwenye maji ya kina kirefu, Bagamoyo ikiwamo. Huko maji ni ya baridi zaidi. Njia hiyo ilidai mtumbwi, na ilidai kuogelea, ujuzi ambao wanawake wengi wa pwani hawakufundishwa. Kuendelea na lengo kulimaanisha kujifunza upya namna ya kulifikia.

Kwa hiyo anayejiwekea ratiba ajiwekee pia siku ya kuikagua, na siku hiyo isiwe ile aliyochoka. Mkulima huhukumu njia yake sokoni, mizani inaposoma kilo za mwani mkavu, wala hahukumu akiwa ameinama majini, mgongo ukimuuma. Vivyo hivyo, uamuzi wa kubadili njia usubiri matokeo ya kipindi kizima. Kabla ya hapo, kinachosema "acha" huwa ni uchovu, na uchovu haujui hesabu.