Nguvu Haziji kwa Siku Moja

Wengi wetu bwenini hudhani kuwa anayenyanyua chuma kizito kuliko wenzake ndiye mwanariadha hodari. Nami nalidhani hivyo. Muhula uliopita, nikijiandaa kwa mbio za mita 800, nalishindana na wenzangu kunyanyua bomba lenye makopo mawili ya saruji. Nikaumia mgongo, na mbio nikazitazama nikiwa nimeketi.

Mwalimu wetu wa michezo hakunigombeza. Alinieleza habari za Thomas DeLorme, daktari wa jeshi la Marekani, aliyewatibu askari wenye magoti dhaifu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kwanza alitafuta uzito ambao mtu aweza kuunyanyua mara 10 tu. Katika mwaka 1948, yeye na mwenzake Watkins walieleza utaratibu wao: nyanyua nusu ya uzito huo mara 10, halafu robo tatu mara 10, kisha wote mara 10. Misuli ikizoea, uzito huongezwa kidogo.

Sababu ni hii: mazoezi mazito huichosha misuli, nayo hujijenga wakati wa mapumziko, kwa chakula na usingizi. Asiyepumzika hubomoa bila kujenga.

Sasa nina daftari. Kila juma naandika uzito ninaonyanyua. Si wa kujivunia, lakini mgongo hauumi. Ndugu zangu wa Kidato cha Kwanza, msishindane na bomba la mwenzenu. Shindaneni na daftari lenu la juma lililopita. Haba na haba hujaza kibaba.