Gari la Kikundi Likiinuliwa, Shafti Nayo Ipangwe Upya



Tumezoea kuzungumza nanyi juu ya ng'ombe wa maziwa, visima na hesabu za kikundi. Leo tunaomba tuingie pamoja chini ya gari. Si wote wana gari, tunajua. Lakini kikundi kikipata pikapu kwa michango ya miaka mingi, pikapu hiyo ni kama shamba lingine. Ikilala njiani, maziwa yanaganda, mahindi yananyeshewa, na watu wanaanza kununiana.

Huko kununiana ndiko kulikotufanya tuandike. Kikundi kimoja hapa upande wa Misikhu, ambacho hatutakitaja jina, kina pikapu kuukuu ya kubeba maziwa na mahindi. Kwenye lami ya Webuye–Kitale ilikuwa inakwenda vizuri, lakini ikiingia njia za ndani wakati wa mvua, tumbo lilikuwa linakwaruza matope. Wakaamua iinuliwe. Fundi akaongeza jani moja la springi kila upande, halafu akabadilisha vile vyuma vifupi vinavyoning'iniza springi upande wa nyuma, akaweka virefu. Gari likatoka limesimama juu kama ngamia, na kila mtu akafurahi.

Furaha haikudumu. Kwa miezi minne krosi za shafti ziliisha mara tatu. Kamati ikakaa, ikasema dereva anakimbiza gari. Bei ya krosi ya tatu ikakatwa kwenye mshahara wake. Kijana akajitetea: "Mzee mwenyekiti, mimi sikimbizi. Hata nikienda pole, linanguruma tu." Nani angemwamini? Tulipoitwa kusaidia kupatanisha, tulimwomba mzee mmoja fundi wa jua kali twende naye. Hakusema mengi. Aliomba uzi, nati ndogo, na kipima-pembe cha mtoto wa shule.

KAZI YA SHAFTI NA KROSI

Injini na giaboksi zimefungwa kwenye chasisi mbele. Difu iko nyuma kwenye ekseli, nayo inapanda na kushuka na springi. Shafti ndefu ya propela ndiyo inayopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi difu. Kwa kuwa difu haitulii mahali pamoja, kila mwisho wa shafti una krosi inayoiruhusu kupinda huku inazunguka.

Sasa sikilizeni siri ya krosi. Ikipinda, haizungushi sawasawa. Upande mmoja ukizunguka kwa mwendo mmoja, upande wa pili unaharakisha kidogo na kuchelewa kidogo, mara mbili kwa kila mzunguko. Pembe ikiwa digrii 10, mwendo unapanda na kushuka kama asilimia 1.5. Pembe ikiwa digrii 20, ni kama asilimia 6. Mnaona basi: pembe ikiongezeka mara mbili, msukosuko unaongezeka karibu mara nne.

Mtu atasema asilimia 1.5 ni kitu gani? Hebu tupige hesabu. Tairi inayotembea mita 2.2 kwa mzunguko mmoja, gari likienda kilomita 80 kwa saa, inazunguka kama mara 600 kwa dakika. Difu ikiwa ya 4 kwa 1, shafti inazunguka mara 2,400. Kila mzunguko unatoa mitikisiko miwili, maana yake mitikisiko 4,800 kwa dakika, ama 80 kwa sekunde. Ni kama nyundo ndogo inayogonga krosi na beringi bila kupumzika.

Ni kwa nini basi magari mengi hayatetemeki? Kwa sababu krosi ya pili inafuta kosa la ya kwanza. Ile ya mbele ikiharakisha, ya nyuma inachelewesha kwa kiasi hicho hicho. Lakini hilo linataka mambo mawili. La kwanza, pembe ya mbele na ya nyuma ziwe sawa, yaani mstari wa giaboksi na mstari wa difu viende sambamba kama reli mbili. La pili, uma mbili za shafti, ya mbele na ya nyuma, zielekee upande mmoja.

KUINUA KUNAHARIBU NINI

Gari likiinuliwa, chasisi na giaboksi vinapanda, ekseli inabaki chini. Shafti inalala kwa mteremko mkali zaidi, na pembe za krosi zote mbili zinakua.

Vile vyuma virefu vya nyuma vinaleta shida nyingine. Vinasukuma mwisho wa nyuma wa springi chini, springi inainama, nayo ekseli inageuka pamoja nayo. Pua ya difu inatazama juu. Hapo giaboksi na difu haziko sambamba tena. Krosi ya mbele imepinda sana, ya nyuma kidogo, na hakuna tena anayefuta kosa la mwenzake.

Dalili ni hizi: mngurumo unaobadilika ukikanyaga mafuta na ukiachilia, mtetemo kwenye sakafu kwa mwendo fulani, vumbi jekundu kama kutu kwenye vikombe vya krosi, mafuta kuvuja pale shafti inapoingia difu au giaboksi. Msipuuze. Shafti ikikatika upande wa mbele inaweza kuchoma barabara na kulirusha gari, na nyuma mmebeba watu na mali.

NAMNA YA KUPIMA

Kipima-pembe cha plastiki kifungeni kwenye rula iliyonyooka. Kwenye kitundu cha katikati tundikeni uzi wenye nati mwishoni. Upande ulionyooka ukiwa juu na umelala sawa, uzi utapita kwenye 90. Ukipita kwenye 84, mteremko ni digrii 6.

Gari lisimame mahali tambarare, magurudumu yote chini, injini imezimwa, mawe yamezuia tairi. Msipime ekseli ikining'inia kwenye jeki, kwa maana springi isiyobeba uzito itawadanganya. Na mtu asiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Pimeni mara tatu: giaboksi, shafti, difu. Shafti ni rahisi, wekeni rula chini ya bomba lake. Kwa difu, shikeni mguu mmoja wa skwea ya seremala kwenye uso wa flanji, mguu wa pili ukielekea mbele, halafu pimeni chini ya mguu huo. Giaboksi ni hivyo hivyo, ama fundi atafute sehemu iliyochongwa laini. Andikeni pia kila kimoja kinateremkia mbele ama nyuma.

Kwa ile pikapu, vyote vilikuwa vinateremkia nyuma: giaboksi digrii 3, shafti digrii 8, difu digrii 7. Toeni moja kwa nyingine. Mbele ni 8 toa 3, yaani 5. Nyuma ni 8 toa 7, yaani 1. Tano kwa moja! Yule mzee akamwita mweka hazina: "Mama, njoo usome mwenyewe." Mama akasoma, akanyamaza, kisha akamtazama dereva.

NAMNA YA KUSAHIHISHA

Shabaha ni hii: pembe mbili zisipishane zaidi ya digrii 1, na kila moja isizidi digrii 3 hivi kwa gari linalokwenda mwendo wa lami. Isiwe sifuri pia, kwa sababu sindano za ndani ya krosi zinataka kuzunguka kidogo ili grisi isambae.

1. Punguzeni kuinua. Hii ni dawa ya kwanza na ya bei nafuu. Kikundi kile kilitoa vyuma virefu, kikaweka vifupi kidogo. Shafti ikashuka hadi digrii 6, difu digrii 5.

2. Wekeni kabari ya chuma kati ya springi na kiti chake kwenye ekseli, upande wa kushoto na wa kulia sawasawa. Kama springi ziko juu ya ekseli, upande mnene wa kabari ukikaa mbele, pua ya difu inashuka. Ukikaa nyuma, pua inapanda. Springi zikiwa chini ya ekseli, ni kinyume. Kabari ya digrii 2 iliishusha difu kutoka 5 hadi 3. Sasa mbele 6 toa 3 ni 3, na nyuma 6 toa 3 ni 3. Pimeni tena baada ya kukaza, kwa kuwa pua ikishuka shafti nayo inasogea kidogo.

3. Kama shafti ni ya vipande viwili na ina beringi ya katikati, beringi hiyo inaweza kushushwa kidogo kwa kuweka vipande vya chuma juu ya mabano yake. Kipande cha mbele kikae karibu mstari mmoja na giaboksi, halafu kiwe sambamba na difu.

4. Kabla ya kutenganisha shafti ili kutia grisi, tieni alama kwa rangi pande zote mbili. Ikirudishwa jino moja kando, uma hazitazamani, na gari litatetemeka hata kama pembe ni nzuri.

Pimeni pia gari likiwa na mzigo wa kawaida. Kwenye pikapu ile, gunia zilipopakiwa shafti ilishuka hadi digrii 4, pembe zikawa 1 na 1. Hapo ni salama.

Msitumie kabari ya mbao, inasagika na yubolti zinalegea. Msichomelee majani ya springi, kwa sababu moto unaua ugumu wake. Msipange vipande vya kuinulia kimoja juu ya kingine. Kazeni yubolti tena baada ya siku chache za kazi.

USISAHAU BREKI

Ekseli ikiwa mbali na chasisi, mpira wa breki unavutika. Hakikisheni haukazi hata ekseli ikining'inia kabisa. Pikapu nyingine zina kifaa kinachopima uzito wa mzigo kwa kuangalia umbali wa ekseli. Ukiinua gari, kifaa hicho kinadhani hakuna mzigo na kinapunguza breki za nyuma. Fundi akirekebishe. Angalieni pia meno ya shafti yanayoteleza, yasiwe yamebaki machache ndani, na taa za mbele zisiwapofushe wenzenu. Gari la biashara hukaguliwa na NTSA, kwa hiyo ulizeni mapema kama mabadiliko yenu yanakubalika, na mwambieni mwenye bima.

TULIVYOMALIZA

Jioni ile kamati ilikaa chini ya mwembe. Hakuna aliyetaka kuanza. Mwishowe mwenyekiti akasema, "Kijana, tulikukata pesa kwa kosa la vyuma. Utusamehe." Mweka hazina akahesabu zile pesa zote, akamrudishia mbele ya wanachama, na zikaandikwa kitabuni. Dereva akasema asante, halafu akaomba jambo moja tu: kipima-pembe na uzi vikae ndani ya gari.

Kumbe kifaa cha shilingi chache kilikuwa kinaweza kuokoa krosi tatu na jina la mtu. Kabla ya kutafuta nani mkosaji, tupime kwanza.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

1. Kitu chetu kikiharibika, huwa tunamlaumu nani kwanza? Tunapima kabla ya kulaumu?
2. Nani kati yetu anajua kuingia chini ya gari, mashine ya kusaga au pampu na kuikagua?
3. Tunaandika wapi tarehe za matengenezo, na nani anasoma kitabu hicho?
4. Fundi akibadilisha kitu, tunamwuliza ni kitu gani kingine kitakachobadilika?