Bamvua la Sebuleni: Kubadilisha Maji katika Tangi la Matumbawe

Bahari haihitaji mtu wa kuibadilishia maji. Katika pwani ya Kenya na Tanzania maji hupwa na kujaa mara mbili kwa siku. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, huja bamvua, na tofauti kati ya maji kupwa na maji kujaa hupita mita 3. Kinyesi cha samaki, mabaki ya chakula na mwani uliokufa husombwa na kutawanywa katika bahari isiyo na ukuta. Sasa chukua kipande kidogo cha mwamba kama huo, kitie ndani ya tangi la kioo la lita 200, kiweke sebuleni London. Kitu cha kwanza utakachokikosa ni bamvua.

Maneno hayo tumeyapata kwa mjomba wa mwenzetu mmoja, mzaliwa wa Mombasa, ambaye ana tangi la namna hiyo nyumbani kwake. Amestaafu na mgongo unamsumbua, kwa hiyo wanachama wa klabu yetu tunakwenda kwa zamu kumbebea ndoo. Ukimwamkia "Shikamoo mjomba", atajibu "Marahaba", halafu atakuonyesha ndoo ilipo. "Wanangu," hutuambia, "hapa hakuna bamvua. Bamvua ni nyinyi."

Muhula huu alikuwa karibu kuliuza tangi lake. Kwa miezi mingi alikuwa akibadilisha asilimia 10 ya maji kila baada ya wiki mbili, bila kukosa hata mara moja. Hata hivyo mwani ulikuwa ukitambaa juu ya mawe, na matumbawe magumu yalikuwa yamepoteza rangi zake na kuwa ya kahawia. Kila alipopima nitrati alikuta karibu miligramu 50 kwa lita. Tukajiuliza: mtu anayefanya kazi yake kwa uaminifu hivi, mbona haoni matokeo?

Uchafu usioonekana

Samaki akila, hutoa amonia, na amonia ni sumu. Bakteria wanaoishi ndani ya vitundu vya mawe huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ina madhara, kisha bakteria wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati. Nitrati haiui haraka, lakini katika tangi la kawaida hujikusanya siku hadi siku. Ikizidi, mwani hustawi. Hata vimelea vidogo vinavyoishi ndani ya tumbawe na kulilisha kwa nguvu ya mwanga huongezeka kupita kiasi, na hapo ndipo rangi ya kahawia inapotokea.

Pamoja na hayo, matumbawe magumu hujenga mifupa yao kwa kalsiamu na kabonati wanazozifyonza majini. Kwa hiyo maji ya zamani yana mambo mawili: yamejaa tusichokitaka na yamepungukiwa na tunachokitaka. Maji mapya yenye chumvi nzuri hurekebisha yote mawili kwa pamoja.

Hesabu ya ndoo

Tulikaa na kalamu na karatasi. Vipimo vya mjomba vilionyesha kwamba kila wiki mbili nitrati hupanda kwa takriban 5. Akibadilisha asilimia 10 wakati kipimo kiko 50, anaondoa 5 na kubaki na 45. Wiki mbili zikipita, 5 zimerudi na kipimo ni 50 tena. Anachoondoa ni sawasawa na kinachoingia. Angeweza kuendelea hivyo miaka kumi na namba isisogee.

Akibadilisha asilimia 20, hesabu inakuwa nyingine. Hamsini hushuka hadi 40, kisha hupanda hadi 45. Mara ya pili hushuka hadi 36, hupanda hadi 41. Mara ya tatu hushuka hadi karibu 33, hupanda hadi 38. Ikiendelea hivyo itatulia kwenye 25 kabla ya kubadilisha na 20 baada yake. Na kama samaki watapewa chakula kidogo zaidi, hata hizo 5 zinazoingia zitapungua, na namba itashuka zaidi bila kuongeza ndoo.

Kwa nini basi asibadilishe asilimia 80 kwa siku moja amalize? Kwa sababu viumbe hawa wamezoea maji waliyomo. Tofauti ndogo ya joto, chumvi au ualkali haidhuru sana ikija na maji machache, lakini ikija na tangi zima inaweza kuwaua. Tena lita 40 tu zina uzito wa zaidi ya kilo 40. Tukakubaliana: lita 20 kila wiki. Kubadilisha asilimia 10 mara mbili huondoa asilimia 19 ya maji ya zamani, si 20, lakini mgongo wa mjomba unaipenda tofauti hiyo.

Jinsi tunavyofanya

Kazi huanza siku moja kabla. Maji ya bomba hayafai. Maji ya London ni magumu, yametiwa dawa ya kuua vijidudu, na yanaweza kuwa na nitrati, fosfeti au shaba kutoka kwenye mabomba. Shaba, hata kidogo, huua kamba na konokono wa tangini. Mjomba huyapitisha maji kwenye mtambo wa kuchuja ambao huondoa karibu kila kitu.

Chumvi ya jikoni haitumiki, maana haina kalsiamu wala magnesi ya kutosha. Tunatumia chumvi maalumu ya matangi, gramu 35 hadi 40 kwa lita kulingana na aina yake. Tunatia chumvi ndani ya maji, si maji juu ya chumvi. Ukigeuza mpango huo kalsiamu huganda na kuwa unga mweupe chini ya ndoo. Pampu ndogo hukoroga usiku kucha, na hita hufikisha joto nyuzi 25 au 26, sawa na tangi.

Asubuhi tunapima chumvi. Lengo ni sehemu 35 kwa elfu, kama baharini. Kisha tunazima pampu na hita ya tangi, kwa sababu hita ikibaki inawaka nje ya maji hupasuka. Tunavuta maji kwa mpira, tukipitisha mdomo wake juu ya mchanga ili uondoke na uchafu. Hatunyonyi mpira kwa kinywa, na tunavaa glavu: baadhi ya matumbawe laini yana sumu kali, ambayo pia hufanya iwe hatari kuchemsha mawe ya tangi. Mwisho tunamimina maji mapya polepole na kuwasha kila kitu.

Kuna jambo moja wageni hulichanganya. Maji yakipungua kwa kukauka, hujazwa maji yaliyochujwa yasiyo na chumvi. Aliyewahi kuona mashamba ya chumvi kaskazini mwa Malindi ataelewa mara moja: jua huchukua maji, chumvi hubaki. Ukijaza pengo hilo kwa maji ya chumvi, kila wiki tangi litazidi kuwa kali.

Deni kwa bahari

Baadhi yetu tuliuliza kama ni haki kufungia viumbe wa bahari ndani ya kioo. Kenya imekuwa ikiuza nje samaki wa mapambo kwa miongo kadhaa, na wako wavuvi wanaoishi kwa kazi hiyo. Matumbawe magumu yote yamo katika orodha ya mkataba wa CITES, na biashara yake inahitaji vibali. Mjomba hununua vipande vilivyokuzwa kwenye matangi tu. Hatukumaliza ubishi huo, lakini tulikubaliana juu ya mawili. Aliyemfuga kiumbe anadaiwa maji safi. Na asimwachie kamwe katika bahari isiyo yake: samaki-simba wa bahari zetu, ambao inaaminika waliachiwa na wafugaji, walionekana Florida mwaka 1985, na leo wameenea Karibiani wakila samaki wa huko.

Sasa ni wiki ya 6. Kipimo cha mwisho kilisoma kati ya 35 na 40. Rangi ya kahawia haijaisha, lakini ncha za tumbawe moja zimeanza kuwa za zambarau, na mjomba ameondoa tangazo la kuuza. Zamu ya Jumamosi ijayo bado ina nafasi mbili. Njoo na viatu visivyoogopa maji.