Ngozi ya Chai katika Nchi ya Ng'ombe

Mtu akifika Haneti na kusema kuwa ngozi inaoteshwa ndani ya beseni la chai, ataulizwa kwanza: ya nini? Kata hii ya Wilaya ya Chamwino, kaskazini mwa Jiji la Dodoma, ipo ndani ya Ugogo, ambako ng'ombe ndiye akiba, mahari na heshima ya mwenye boma. Ngozi ya kulalia, na hata ile iliyowambwa kwenye ngoma za muheme ambazo akina mama wa Kigogo huzibana mapajani wakipiga, yote imetoka zizini. Tanzania ina makumi ya mamilioni ya ng'ombe, na bado ngozi nyingi huharibikia machinjioni au huuzwa ghafi kwa bei ya kutupa. Kukosa ngozi si shida yetu.

Pamoja na hayo, jambo lenyewe ni la kweli, na sayansi yake inavutia kuliko matangazo yanayolisindikiza.

Mwaka 1886 mkemia Mwingereza Adrian John Brown alimwelezea bakteria wa siki anayetanda utando mgumu juu ya kimiminika. Brown alionyesha kuwa utando huo ni selulosi, kitu kilekile kinachojenga nyuzi za pamba na karatasi. Bakteria huyo, ambaye leo wataalamu humwita Komagataeibacter xylinus, yumo pia kwenye kombucha, yaani chai ya sukari iliyoachwa ichachuke. Humo haishi peke yake. Hamira hukata sukari ya dukani kuwa glukosi na fruktosi, kisha hutoa pombe kidogo. Bakteria naye huigeuza pombe hiyo kuwa asidi ya siki, na glukosi huisokota kuwa nyuzi. Kwa kuwa anahitaji oksijeni, hufanya kazi juujuu, pale chai inapokutana na hewa. Nyuzi zake ni nyembamba kuliko unywele kwa mara elfu moja au zaidi, na hupishana kila upande mpaka zinakuwa shuka moja lenye umbo la chombo. Beseni la duara litakupa duara, trei itakupa mstatili.

Aliyeutoa utando huu kwenye siki akaupeleka kwenye nguo ni Suzanne Lee, mbunifu wa mavazi wa London, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 2000 alianzisha mradi wa BioCouture na kushona makoti ya chai. Makoti yalipendeza kwenye picha, lakini Lee mwenyewe hakuficha kwamba mvua ingeyashinda: yangefyonza maji, yakawa mazito na kuachia kwenye mishono. Huko Marekani, Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa, kikundi cha mtafiti Young-A Lee kilitengeneza kizibao na viatu kwa malighafi hiyohiyo na kukutana na tatizo lilelile. Unyevu wa hewa na jasho la mvaaji huilainisha, na baridi huifanya ikatike.

Sababu iko kwenye kemia. Ngozi ya mnyama ni kolajeni, aina ya protini. Ukiiloweka kwenye tanini, kama zile zinazokamuliwa kwenye magome ya miwati kule Njombe, tanini hushikamana na kolajeni, na ngozi inakataa kuoza. Selulosi haishikiki hivyo, na tena inapenda maji mno: shuka likiwa bichi, zaidi ya asilimia 95 ya uzito wake ni maji matupu. Rangi ya kahawia inayoachwa na chai huwadanganya watu wadhani wameshika ngozi, lakini kwa tabia walichoshika ni karatasi nene.

Sasa turudi kwenye uwanda wa kati, kwa sababu hali ya hewa ya Dodoma inaweza kuusaidia utando huu. Mvua hunyesha takriban kuanzia Desemba hadi Aprili, na miezi mingine hewa ni kavu kiasi cha kupasua midomo. Anayetaka kujaribu asianze Juni wala Julai, maana usiku wa miezi hiyo ni wa baridi na bakteria hawa hustawi kati ya nyuzi joto 25 na 30. Oktoba na Novemba ndiyo miezi yao.

Chemsha lita 10 za maji, tia majani ya chai kama unayewapikia wageni wengi, na sukari kilo moja. Ikishapoa kabisa, chuja, mimina kwenye beseni la plastiki, kisha ongeza lita moja ya kombucha iliyokwisha kuwa kali ambayo haikuchemshwa kiwandani. Usiiache kwenye sufuria ya alumini, kwa kuwa asidi huila. Funika kwa kitambaa safi cha pamba, kwa ajili ya nzi na vumbi la Dodoma lisilojua mlango. Baada ya hapo usilitikise beseni kwa wiki mbili hadi nne, mpaka shuka lifike unene wa sentimita moja na nusu hivi. Ukiona manyoya ya kijani au meusi juu yake, huo ni ukungu, mwaga vyote.

Hesabu ndiyo inayonitia shaka. Kila lita huleta gramu chache tu za selulosi kavu. Kilo nzima ya sukari na ndoo ya maji, katika vijiji ambako ndoo hiyo ina foleni yake, kwa shuka moja jepesi? Kwa sukari ya dukani, sioni biashara hapo.

Lakini Dodoma ina sukari nyingine. Zabibu za Chinangali, Hombolo na Mpunguzi huvunwa mara mbili kwa mwaka, na kuna misimu wakulima wamekosa wanunuzi zikaharibika. Juisi yake tayari ni glukosi na fruktosi, na kwingineko duniani watafiti wameshaotesha selulosi hii kwenye mabaki ya zabibu za mvinyo. Ingebidi kuizimua kwa maji na kuacha chai kidogo humo, maana majani ya chai huwapa bakteria nitrojeni. Kwa maoni yangu, jaribio la namna hiyo lingewafaa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma kuliko koti la maonyesho.

Shuka likiiva, lioshwe kwa maji ya sabuni mpaka harufu ya siki ipungue, kisha lilazwe juu ya ubao kivulini. Ukilianika juani litajikunja na kupasuka. Matone ya glisirini likiwa bado na unyevu hulipa ulaini, na nta ya nyuki iliyopashwa moto huchelewesha maji. Kingo mbili mbichi zikilaliana hukauka zikawa kitu kimoja, kwa hiyo pochi, jalada la daftari au kivuli cha taa havihitaji sindano. Viatu mwachie ng'ombe. Na ile chai kali iliyobaki chini ya beseni, weka lita moja ya kuanzishia shuka linalofuata.