Kioo na Karatasi katika Vijiji vya Tanga

Kati ya mwaka 2017 na 2019, watoto wapatao 2,700 katika vijiji karibu 170 vya Mkoa wa Tanga walipewa vishikwambi vyenye mafunzo ya kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Yalikuwa ni mashindano ya XPRIZE, yaliyosaidiwa na Serikali ya Tanzania, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Zaidi ya watoto 9 katika kila 10 hawakuweza kusoma hata neno moja. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Timu mbili, Kitkit School na onebillion, ziligawana tuzo ya dola milioni 10.

Wengi walitoka hapo wakasema kwamba kioo kimekishinda kitabu. Hukumu hiyo haifuati. Watoto hao, karibu robo tatu yao, walikuwa hawajapata kuingia shule. Jaribio lilipima kioo mahali pasipokuwa na kitu, wala halikukipambanisha na karatasi.

Nguvu ya kioo ni sauti. Silabi za Kiswahili kwa kawaida huishia kwa irabu, na tahajia yake hufuata matamshi; basi mtoto aliyesikia *mba* mara mia, pasipo kukemewa, huishika. Mwalimu mwenye darasa la watoto mia hana wasaa huo. Hata mtoto asemaye Kizigua au Kidigo nyumbani hunufaika, kwani husikia na kuona kwa pamoja.

Lakini taabu ya msomaji wa Kiswahili haiishi katika silabi. Pengine ndipo inapoanzia. Tazama neno *hawatatusomea*. Kanushi, watendaji, wakati, watendewa, kitendo na kauli vyote vimefungwa humo. Mtoto avutaye silabi moja moja, afikapo *mea*, amekwisha kusahau kwamba neno lilianza kwa kukana, naye huelewa kinyume. Dawa ya hapo ni kurudia habari ile ile mpaka neno lionekane zima. Kioo kinachomtamkia kila neno chaweza kumwondolea kazi hiyo, akamaliza hadithi kwa sikio na picha tu. Karatasi haimsaidii hivyo. Tena haingoji jua, na ndugu watatu huisoma kwa zamu.

Programu zilizofika fainali zilitolewa huru kwa watu wote. Hadithi zake zaweza kupigwa chapa, kama Mradi wa Vitabu vya Watoto ulivyofanya kwa hadithi nyingine tangu 1991, zikaachwa nyumbani, mtoto amsomee bibi yake. Hapo hapana sauti ya kumnong'oneza.