Maji ya Mti, Sheria ya Pombe na Amana ya Watoto Wetu

Mama mmoja alituuliza swali baada ya darasa ya akina mama. Mwanawe, aliye kidato cha tatu, alikuwa akisoma namna karatasi inavyotengenezwa, akakuta kitabuni neno la Kiingereza liquor, lile lile liandikwalo kwenye vibao vya maduka ya pombe. Mama akaingiwa na hofu: je, daftari za watoto, vitabu vya chuoni, na hata kurasa za Msahafu, zimepitia kwenye ulevi? Hatukuona kuwa ni swali la kuchekwa. Jawabu lake ni jepesi, lakini lilitufikisha penye jambo zito lihusulo uhai wa vijana wetu.

Katika viwanda vya karatasi, neno hilo lamaanisha maji ya dawa ya kupikia mti. Mti ni nyuzi zilizoshikanishwa na gundi ya asili iitwayo lignini. Ili nyuzi hizo zipatikane, vipande vya mti hutiwa katika pipa kubwa la chuma pamoja na maji meupe, yaliyo mchanganyiko wa kostiki soda na sodiamu salfaidi, vikapikwa kwa joto la takriban digrii 170. Lignini huyeyuka, nyuzi hubakia, na maji hutoka yakiwa meusi tititi. Maji hayo meusi huchemshwa mpaka yakawa mazito, kisha yakachomwa katika tanuri ili yatoe mvuke wa kuendeshea kiwanda. Kinachobakia tanurini kikiyeyushwa hutoa maji ya kijani, nayo yakitiwa chokaa hurudi kuwa meupe, tayari kupikia mti mwengine. Kiwanda cha Webuye, kilichoanza kazi mwaka 1974, kilipika mti kwa njia hii. Wasafiri wa barabara ya Malaba wa enzi zile waikumbuka harufu yake ya salfa.

Maji hayo hayalevi. Yakimgusa mtu humbabua ngozi. Nazo nyuzi huoshwa vyema kabla ya kuwa karatasi. Mama na atulize moyo wake.

Hata hivyo, mti una kileo chake. Iko njia nyingine ya kupika mti, itumiayo tindikali badala ya kostiki, na maji yatokayo humo huwa na sukari ya mti. Nchini Uswidi, tangu mwaka 1909, viwanda vilianza kuichachusha sukari hiyo na kupata ethanoli, ambayo ndiyo roho ya kila pombe. Miaka hiyo hiyo nchi ile ilikuwa ikihangaika na ulevi. Mwaka 1922 wananchi walipiga kura kuamua iwapo pombe ipigwe marufuku. Kura za wanawake zilihesabiwa mbali na za wanaume, ikadhihirika kwamba wengi wa wanawake waliitaka marufuku hiyo. Ilishindwa kwa tofauti ndogo. Serikali ikaendelea na njia yake ya vijitabu: mwenye ruhusa ya kununua alikuwa na kijitabu, na kila chupa ya kinywaji kikali aliyoinunua iliandikwa humo. Mpango huo uliondolewa mwaka 1955, lakini hadi leo pombe kali ya kwenda nayo nyumbani huuzwa aghalabu katika maduka ya serikali. Wanawake wale hawakuwa Waislamu, lakini walikwisha kujua chupa huleta nini nyumbani.

Mti una kileo cha pili, nacho ni sumu: methanoli. Zamani ilipatikana kwa kuchoma mti ndani ya chombo kilichozibwa, na ndiyo maana iliitwa roho ya mti. Hata leo, mti unapopikwa kiwandani, kiasi kidogo cha methanoli hutoka pamoja na mvuke, ingawa sehemu kubwa ya ile iuzwayo duniani hutengenezwa kwa gesi asilia. Ina kazi nyingi za halali viwandani. Balaa ni kwamba haina rangi, na harufu yake yakaribia ya ethanoli. Aitiaye katika pombe ya magendo hamwonyeshi mnywaji alama yoyote.

Hapa kwetu Kenya sheria zimejaribu. Chang'aa ilipigwa marufuku mwaka 1980. Sheria ya mwaka 2010 ikaiondoa marufuku hiyo, ikaruhusu itengenezwe na kuuzwa kwa leseni na vipimo, ikazuia kuuziwa walio chini ya miaka 18, na ikaweka saa za kufungua na kufunga baa. Lakini mauti hayakukoma. Mnamo Novemba 2000 zaidi ya watu 100 walifariki jijini Nairobi kwa pombe yenye methanoli. Mei 2014 makumi walifariki katika kaunti kadhaa, na wengine wakapofuka. Februari 2024 msiba ukarudi Kirinyaga. Sheria yaweza kufunga mlango wa baa saa tano usiku. Haiwezi kuona kilichomo katika chupa ipitishwayo uchochoroni.

Kwetu sisi hukumu ya ulevi ilikwisha kutolewa, kwa kingi chake na kichache chake. Lakini tusijidanganye kwamba uharamu wake umewazuia vijana wetu wote. Wako watoto wa nyumba za swala waliokunywa, na hapo ndipo tunapotaka wazazi watusikilize.

Methanoli haiui papo hapo. Ini huigeuza polepole kuwa tindikali ishambuliayo mshipa wa macho. Kijana huweza kulala akionekana amelewa tu, na baada ya saa 12 hadi 24, au zaidi, akaanza kulalamika: tumbo lauma, atapika, apumua kwa nguvu, macho yaona ukungu. Wakati huo kila saa ina thamani. Hospitali zina dawa ya kuizuia sumu, na mashine ya kusafisha damu. Mara nyengine daktari hulazimika kutumia ethanoli yenyewe kuwa dawa, na kanuni ya dharura twaijua.

Kinachochelewesha, aghalabu, ni aibu. Mama humfungia mwana chumbani, akamnywesha maziwa, akawaambia majirani ana homa, ili baba asijue na mtaa usiseme. Kusitiri aibu ya Muislamu ni jambo jema, lakini sitara si kumwacha akapofuka. Mpelekeni hospitali, na mkifika mwambieni daktari ukweli: alikunywa nini, na saa ngapi. Aliyekuwa naye pia atafutwe, hata kama haumwi bado. Maneno ya toba na nasaha yatapata wakati wake akiwa hai.

Serikali ina wajibu wake juu ya maduka na magendo, nasi tuudai. Lakini kitanda cha mwana kiko mikononi mwetu. Mwenyezi Mungu atuhifadhie vizazi vyetu, na awarudishe waliopotea wakiwa na macho yao. Amin.