Programu Isiyosikia Haiwezi Kuukagua Wimbo Wake

Swali linaloulizwa mno miongoni mwa walimu wa kwaya, kwamba ni programu gani ya akili mnemba inayotunga vizuri zaidi kwa sauti nne, limekosewa tangu mwanzo, kwa sababu programu ya mazungumzo inapoandika nota kwa herufi haisikii chochote, bali hukisia kipande cha maandishi kinachoelekea kufuata kile kilichotangulia.

Kutokana na kosa hilo imezuka dawa isiyotibu, nayo ni kuiamuru programu "ijikague" au ijifanye mtunzi mkuu. Katika mwandiko wa ABC, uliobuniwa na Chris Walshaw na kuenea tangu miaka ya 1990, herufi husimama badala ya nota na tarakimu inayofuata huonyesha urefu wake, herufi isiyo na tarakimu ikihesabiwa 1. Hivyo wimbo wenye M:4/4 (mapigo manne) na L:1/8 (kizio cha urefu ni nusu-pigo) unadai nusu-pigo 8 katika kila kipimo, yaani kila sehemu iliyo kati ya mistari miwili ya wima. Kipimo cha | G2 AB c2 d | kinapendeza machoni, lakini ukijumlisha 2, 1, 1, 2 na 1 unapata 7. Programu ikiambiwa ijikague, mara nyingi hujibu kwa adabu kwamba imesahihisha, kisha huongeza nota hapa na kuharibu kipimo kingine, kwa kuwa ukaguzi wenyewe nao ni ukisiaji uleule, isipokuwa pale inapopewa chombo halisi cha kuhesabu. Ni jambo la kusikitisha kwamba wanakwaya hukabidhiwa nakala za namna hiyo na kulaumiwa kwa kutoziweza.

Tonic sol-fa, yaani mwandiko wa nota kwa herufi za silabi do, re, mi, ambayo John Curwen aliieneza katika karne ya 19 na ambayo bado ndiyo tegemeo la kwaya nyingi za Afrika Mashariki, huleta taabu zaidi, maana sauti nne hupangwa juu kwa chini zikilingana pigo kwa pigo, ilhali programu huandika mstari mmoja hadi mwisho kabla ya kuanza wa pili. Maneno nayo huumia: mkazo wa "imba" uko kwenye "i", lakini wa "imbeni" uko kwenye "mbe", na mtunzi asiyelijali hilo huweka pigo zito mahali ambapo Kiswahili hakilitaki.

Anayetaka msaada wa kweli aombe sauti ya kwanza peke yake, vipimo 8, akitaja ufunguo, mapigo na upeo wa sauti. Aweke alama za mkazo mwenyewe. Aupitishe mwandiko katika programu ya ABC kama EasyABC, ausikilize na kuhesabu kila kipimo. Sauti tatu zilizobaki azitunge kwa mkono, na sol-fa aiandike mwisho. Wimbo ambao mtunzi wake hajauimba kwa sauti yake mwenyewe usipelekwe mazoezini.